Crash ya mwaka 2004: muvi ya maana au tulipigwa changa la macho?

Mla Ubuyu
Wakuu habari za usiku. Jana mvua imenifungia ndani nikaishia kuangalia tena Crash, ile aliyoiongoza Paul Haggis, ya Los Angeles. Mara ya kwanza niliiona nikiwa chuo, nililia. Jana sikulia, nimekasirika. Kwa wasioijua, ndani ya siku kama mbili hivi watu wa kila rangi wanagongana: polisi mbaguzi, mke wa mwendesha mashtaka aliyeporwa gari, vijana wawili weusi waliolipora, Muirani mwenye duka, fundi kufuli Mlatino, mpelelezi mweusi mwenye mama teja, kila stori imeshika mkia wa mwenzake. Swali langu ni moja tu. Polisi Ryan (Matt Dillon) anasimamisha gari usiku, anampapasa mke wa mtu mbele ya mumewe eti anamsachi. Kesho yake gari ya yule mama imepinduka, petroli inavuja, na anayeingia kumtoa ni huyo huyo Ryan. Muziki unapanda, tumwone shujaa. Je, ndo kasafishwa? Na muvi yenye hesabu za namna hii ilistahili kweli Oscar ya picha bora?

Chumvi Nyingi
Ilistahili tena sana. Roger Ebert mwenyewe, mhakiki wa filamu, aliiweka namba moja kwa mwaka 2005 ilipoingia majumba ya sinema, na yule mzee hakuwa mtu wa mchezo. Imetengenezwa kwa dola milioni 6 na nusu tu, huko kwao hiyo ni hela ya chai, na mastaa wote wale wakakubali. Hivi mtu unaweza kuangalia pale Muirani anamnyooshea fundi bastola, kale katoto kanatoka mbio kumkinga baba kwa sababu jana yake alivalishwa vazi lisiloonekana lisilopenya risasi, halafu mlio unalia, halafu mtoto mzima, kumbe risasi zilikuwa baruti tupu hazina kichwa, ukabaki na macho makavu? Tatizo letu wabongo tumezoea muvi zenye stelingi mmoja na adui mmoja, tena tutafsiriwe na mtu anayepiga kelele juu ya picha. Ukiletewa stori sita kwa mpigo unasema hesabu haijakaa sawa.

Babu Projekta
We Chumvi Nyingi naomba unisikilize kwa adabu. Mimi nimekuwa na kibanda umiza cha kuonyesha muvi miaka kumi na moja, Mbagala, benchi nane na TV ya chogo, na hiyo Crash unayoringia nimeionyesha. Ikiwa imetafsiriwa! Watu waliielewa kuliko wewe uliyeiangalia kwa maandishi ya chini. Ryan alivyompapasa yule dada, jamaa mmoja mpiga debe alirusha ndala ikagonga ukuta juu ya TV, nikamtoa nje. Akachungulia dirishani mpaka mwisho. Ilivyofika ajali ya gari, nusu ya benchi wanashangilia "mtoe mtoe" na nusu wanasema "aache aungue na yeye", wakakaribia kupigana, mtafsiri anaendelea zake. Sasa huo si ndo mjadala wenyewe anaouliza mwenye mada? Tena kwa shilingi mia mbili. Msidharau watafsiri, tangu enzi za Lufufu, mkongwe wa kutafsiri muvi, hao ndio waliotufundisha kukaa kimya mbele ya picha.

Chumvi Nyingi
Kukaa kimya na kurusha ndala ni vitu viwili tofauti babu.

Babu Projekta
Alirusha mmoja. Na pale polisi kijana, Hansen, yule mwenye huruma aliyekataa ubaguzi wa Ryan, anampa lifti Peter, mmoja wa wale vijana wawili waporaji, dogo anaingiza mkono mfukoni atoe kasanamu ka Mtakatifu Kristofa kama kale kaliko kwenye dashibodi, anapigwa risasi, hakuna aliyeongea. Hata mtafsiri alinyamaza. Nikasikia jenereta la jirani.

Dada wa Ohio
Babu hapo umenipata kwenye moyo. Mimi nilipo nimesimamishwa barabarani mara tatu, mara zote mikono juu ya usukani, pochi iko mguuni siigusi. Kwa hiyo Mla Ubuyu ukiita "hesabu" inaniuma kidogo, kwa wengine hayo siyo hesabu. Lakini nakuunga mkono kwa sababu nyingine kabisa. Muvi inataka niamini ubaguzi ni hasira za mtu mmoja mmoja, huyu kaamka vibaya, yule baba yake anaumwa kibofu usiku hapati tiba, basi wote tuko sawa tukumbatiane. Jiji ni lile lile la Rodney King, dereva mweusi, kapigwa na polisi 1991 kamera inarekodi, 1992 wale polisi wakaachiwa na mji ukawaka moto. Miaka 13 baadaye mnaniletea Los Angeles ambayo mkubwa wa polisi mweusi ndiye anayemzuia Hansen asimripoti Ryan, na mbaguzi ndiye anayekuja kuokoa. Kwa nini isiwe Hansen aokoe na Ryan aue? Jiulizeni.

Wa Githurai
Dada pole sana na hayo. Lakini mimi nasimama na yule mzee wa duka, Farhad. Watu wanamwona kichaa, si kichaa. Ameita fundi abadilishe kufuli, fundi anabadilisha halafu anamwambia kufuli si shida, shida ni mlango, tafuta mtu akuwekee mlango mwingine. Nani hajawahi ambiwa hivyo? Mafundi wote ni wale wale, Los Angeles, Nairobi, Dar, ukimwita wa bomba anakwambia shida ni tangi, ukimwita wa tangi anasema shida ni ukuta. Mzee alijua anapunjwa.

Fundi Vitasa
Huko juu sijasoma, mtu kanitumia nisome penye mafundi. Wa Githurai, mimi naweka vitasa mwaka wa kumi na saba huu, Kariakoo na kuzunguka. Ngoja nikueleze kitu ambacho labda hujawahi kukiona kwa sababu ukiita fundi unakaa sebuleni na simu. Mlango ukishuka, maana yake bawaba za juu zimelegea au fremu imelika, ule ulimi wa kitasa hauingii kwenye tundu lake, unaingia nusu kucha. Kwa macho umefunga, funguo imezunguka, klak umesikia. Mwizi anaweka bega tu. Hapo hata nikuwekee kitasa cha laki tatu cha kutoka Italia ni kazi bure, nimekula hela yako. Fundi mwizi ndiye anayekuwekea kitasa kipya anaondoka anacheka. Fundi mkweli ndiye anayekwambia habari ya mlango, na huyo ndiye mnayemtukana. Mwezi wa tatu kuna mama nilimwambia hivi hivi, mlango wa mninga mzuri lakini fremu mchwa wameshafanya yao, ukibonyeza kidole kinazama. Akaniambia nimetumwa na muuza fremu. Nikachukua patasi yangu na randa yangu nikaondoka, hata nauli sikudai.

Wa Githurai
Fundi tulia, ni muvi.

Fundi Vitasa
Umesema mafundi wote. Hujasema wa kwenye muvi.

Mla Ubuyu
Jamani tusitoke kwenye mada. Fundi, kwa taarifa yako hata Daniel wa kwenye muvi (Michael Peña) alifanya kama wewe, Farhad alipoanza kumwita tapeli akaacha hela yote akaondoka. Duka likavunjwa usiku ule ule, na watu wa bima wakagoma kulipa kwa sababu aliambiwa mlango mbovu hakutengeneza. Na kabla ya hapo yule mke wa mwendesha mashtaka (Sandra Bullock) anapiga kelele mbele yake vitasa vibadilishwe tena kesho asubuhi, kwa sababu fundi ana tatuu na kanyoa kipara, eti atawauzia wahuni funguo.

Fundi Vitasa
Akafanyaje?

Mla Ubuyu
Akaziweka funguo zote juu ya kaunta mbele yake, akapita. Hakusema kitu.

Fundi Vitasa
Ok. Huyo fundi.

Chumvi Nyingi
Turudi kwenye Oscar. Matt Dillon aliipata ya mwigizaji msaidizi kwa kile kile kipande cha ajali mnachokiponda, sasa nyie ni nani.

Dada wa Ohio
Hakuipata. Aliteuliwa tu, aliyechukua ni George Clooney. Crash ilitoka na tatu, picha bora, script na uhariri. Dairekta bora alikwenda Ang Lee kwa Brokeback Mountain, ambayo wengi walidhani ndiyo itachukua na picha bora, ndio maana Jack Nicholson alipofungua bahasha ya picha bora na yeye alishangaa. Na Haggis mwenyewe alikuja kukiri, 2015 nadhani, kwamba haikuwa muvi bora ya mwaka ule. Mwenye mali kasema, wewe dalali unabishana.

Chumvi Nyingi
Unyenyekevu huo dada. Jamaa aliporwa gari kwa bastola 1991 akitoka kukodi kanda za video, stori imemtoka tumboni, ulitaka ajisifu?

Dada wa Ohio
Kwa hiyo aliporwa yeye, halafu akakaa akawaandikia waporaji mawazo yao. Sawa. Swali langu la Hansen na Ryan bado hamjanijibu.

Wa Githurai
Mimi nauliza kitu kingine. Fundi amesema kitasa laki tatu, hiyo ni shilingi ya wapi? Kwa sababu hapa kwetu Kenya pesa hiyo unapata mlango, fremu, na askari wa kusimama hapo.

Babu Projekta
Huko kwenu mlango wa chuma, dirisha la chuma, geti la chuma, na bado mnaibiwa. Mkitoka asubuhi mnatafuta nyumba.

Wa Githurai
Babu ulikuwa unaheshimika hapa.

Babu Projekta
Bado. Nimejibu tu.

Mla Ubuyu
Hakuna anayejibu mada. Nafunga laptop.

Chumvi Nyingi
Mada ilijibiwa na ndala.

Fundi Vitasa
Wakuu nimerudi. Kijana wangu wa kazi kaniwekea hiyo muvi kwenye simu, nimeianza saa nne. Nimeona kile kipande cha funguo za kaunta, nimekirudisha mara mbili. Mke wangu ananiuliza huyo ni nani nikamwambia mwenzangu. Nimefika pale anarudi nyumbani, mtoto kajificha chini ya kitanda anaogopa mlio wa risasi, naye analala sakafuni na nguo za kazi anaanza kumsimulia habari za vazi. Bando ikakata. Nitamalizia kesho jioni, mtu asinisimulie.

Babu Projekta
Fundi, usipandishe juu.

Fundi Vitasa
Kuna nini juu?

Chumvi Nyingi
Hakuna kitu. Lala.