Alama za majaribio ya saikolojia zinatosha kutabiri meneja mwanamke atakayepanda cheo?

Mpimaji: Habari wadau. Nina alama za mameneja wanawake 40, jaribio la kufikiri kimantiki na dodoso la haiba. Jaribio la mantiki nimelilinganisha na tathmini za mabosi wao, uwiano (jinsi vipimo viwili vinavyokwenda pamoja: 0 ni hakuna uhusiano, 1 ni uhusiano kamili) ukatoka 0.30. Naweza kulitumia kuchagua wa kuandaliwa kwa ukurugenzi?

Takwimu Tupu: Bado. Kwa watu 40, uwiano wa 0.30 kwa uhakika wa asilimia 95 unaweza kuwa popote kati ya -0.01 na 0.56. Sifuri imo humo. Na hata ukiwa 0.30 kweli, kipeo chake cha pili ni 0.09, yaani jaribio linaeleza asilimia 9 tu ya tofauti za tathmini. Kumbuka pia hao wote walishachujwa kabla ya kuwa mameneja. Wenye alama za chini hawamo, na hilo hushusha uwiano.

Mama Vigezo: Mimi jaribio halinisumbui, kinachonisumbua ni hiyo tathmini. Bosi akimwita mwanamke "mkali" kwa jambo lilelile analomsifia mwanamume, basi jaribio lako linatabiri upendeleo wa bosi, wala si mafanikio. Ongeza vigezo visivyotegemea macho ya mtu: idadi ya anaowaongoza, ukubwa wa bajeti, miezi kutoka cheo hadi cheo. Likizo ya uzazi itoe kwenye hiyo miezi, la sivyo unampunja aliyejifungua. Ambaye hajapanda bado usimwandikie sifuri. Mhesabu kama ambaye muda wake unaendelea.

Mpimaji: Shukrani. Dodoso je?

Takwimu Tupu: Inategemea. Kama linamlazimisha mtu achague kauli moja kati ya mbili, mara nyingi alama zake zinaonyesha kipi kwake kimezidi kipi. Kumlinganisha na mwenzake hazifai.

Mama Vigezo: Ongeza usaili wenye muundo. Watafiti Schmidt na Hunter (1998) waliupa uwiano wa 0.51 na utendaji kazini, sawa na majaribio ya akili. Sackett na wenzake (2022) walipokokotoa upya, usaili ukashuka hadi 0.42 na akili hadi 0.31. Maswali yawe yaleyale kwa wote, skeli ya majibu iandikwe mapema, na wasaili wawili waandike alama kabla ya kuongea. Wakianza kuongea, mwenye sauti kubwa ndiye anayetoa alama.