Naomba ushauri: amorsi za .38 Special hazizami hadi chini

Wazee wa shabaha hapa Lubumbashi, salamu. Ninajaza upya maganda ya .38 Special (risasi ya bastola ya silinda) yaliyokwisha kupigwa, kwa amorsi ndogo za bastola (vile viwashio vya baruti vinavyokaa kwenye kitako cha ganda) na presi ya mkono. Kati ya maganda 50, kama 8 amorsi inachomoza: ukilisimamisha ganda juu ya kioo linayumba. Silinda inagoma kuzunguka, au nyundo inapiga kavu na pigo la pili ndilo linalowasha, maana la kwanza limeishia kuisukuma amorsi ndani.

Masizi ya tundu la amorsi yameshakwanguliwa, na kipimo ninachotafuta ni milimita 0.08 hadi 0.13 chini ya kitako. Yanayosumbua karibu yote yana alama ya duara kuzunguka tundu, ile mibano ya kijeshi inayoishikilia amorsi isichomoke. Nikate ukingo kwa kikatio, au niutanue kwa kuusukuma? Ukikata kupita kiasi amorsi inalegea na gesi inavuja.

Na kipini cha presi kikiwa kimeinama kidogo, kinaweza kuiingiza amorsi upande? Nyingine zinatoka zimebonyea ukingoni. (Kuisukuma upya amorsi ya risasi iliyokwisha tiwa baruti, hapana, hiyo sigusi.)