Ushauri: mizani haionyeshi tofauti ya msuguano tuli na msuguano wa mwendo

Mwl_Kapi:
Habari wakuu. Naandaa jaribio la msuguano kwa kidato cha tatu, wanafunzi 40. Vilivyopo: mizani ya springi ya nyutoni 50, kibao cha mninga cha gramu 200 chenye kulabu, na meza ya maabara. Kibao kikivutwa, kipimo cha kuanza kusogea na cha kikiwa kinakwenda vinatoka sawa. Mara nyingine cha mwendo ndicho kikubwa! Nibadili nini kwanza? Hela ni kidogo, ila seremala yupo.

FundiMaabara:
Mizani, mwalimu. Kibao cha gramu 200 kina uzito wa nyutoni 1.96. Tuseme kizigeu (msuguano ukigawanywa kwa kani inayokandamiza kibao chini) cha msuguano tuli ni 0.4 na cha mwendo 0.3, si mbali na hali halisi ya mbao juu ya mbao. Unatafuta kama 0.8 ikishuka hadi 0.6, na mizani ya 50 kwa kawaida ina mstari mmoja kwa kila nyutoni. Hiyo 0.2 utaionea wapi?

Tafuta ya nyutoni 5 yenye mistari ya 0.1, kisha pandisha mizigo juu ya kibao: gramu 200, 400, 600. Ukifika 600, pamoja na kibao ni gramu 800, kani ya kukandamiza ni nyutoni 7.84, kibao kinaachia kwenye 3.1 na kuteleza kwenye 2.4 hivi. Hapo hata wa dawati la nyuma anaona kielekezi kikidondoka.

Rekebisha sifuri mizani ikiwa imelala. Ikirekebishwa imening'inia, springi ilikuwa imebeba kulabu yake. Ukiilaza inasoma pungufu.

BaoRefu:
Hilo la mwendo kuwa kubwa ni mkono. Mkono ukiongeza kasi, mizani inasoma msuguano pamoja na kani ya kuongeza kasi. Kwa hiyo usivute kibao, vuta bao lililo chini yake.

Seremala akupe bao la sentimita 100 kwa 15, lililopigwa randa kufuata nyuzi za mbao. Funga mizani kwenye stendi iliyobanwa mezani kwa klampu, unganisha na kibao kwa uzi, weka kibao juu ya bao, kisha vuta bao polepole. Kielekezi kinapanda, kibao kinaachia, kielekezi kinashuka na kutulia. Kibao hakiendi popote, kwa hiyo kasi ya bao ikiyumba kidogo si neno. Msuguano wa bao na meza nao hauingii kwenye kipimo. Unaumiza mkono wako tu.

Uzi uwe usiovutika. Ule wa waashi unafaa, mpira haufai kabisa: kibao kitakwenda kwa kurukaruka.

Mwl_Kapi:
Ahsanteni. Kulabu iko katikati ya kimo cha kibao, uzi unapanda kidogo kuelekea mizani. Ina shida? Na nikigundisha msasa kwenye bao tofauti si itaongezeka?

FundiMaabara:
Uzi unaopanda unabeba sehemu ya uzito, msuguano unapungua bila wewe kujua. Inua mizani au ishushe kwa vipande vya mbao mpaka uzi uwe sambamba na bao. Kulabu ishuke, sentimita 1 kutoka chini. Ikiwa juu, kibao kinainama mbele na kuchimba kwa ukingo.

Msasa hapana. Unakwangua mbao, vumbi linajaa, na kipimo cha tano hakifanani na cha kwanza. Kama unataka uso wa pili, tumia kioo au fomeka.

Pembe_Tatu:
Kwa vikundi visivyo na mizani: mteremko. Inua ncha moja ya bao taratibu mpaka kibao kiachie, pima kimo cha ncha hiyo. Bao la sentimita 100 likiachia kwenye kimo cha 37, umbali wa chini ni 92.9, na 37 kugawanya kwa 92.9 ni 0.40. Hicho ndicho kizigeu tuli, uzito wa kibao hauhitajiki.

Cha mwendo: shusha bao kidogo, gonga kwa kidole kibao kianze kwenda, tafuta kimo ambacho kinateremka kwa kasi ileile hadi chini. Kikisimama njiani, inua. Kikizidi kukimbia, shusha. Hapa makosa ni makubwa zaidi, chukueni wastani wa majaribio 5.

BaoRefu:
Nyongeza: kibao kikikaa muda mrefu kabla ya kuvutwa, msuguano tuli unapanda. Coulomb, mwanafizikia Mfaransa, aliliona hilo tangu karne ya 18. Wapangie wote sekunde 10 za kusubiri. Na uso wa chini wa kibao usishikwe kwa vidole, jasho linaharibu, shika pembeni.

Mwl_Kapi:
Kesho namwona seremala. Bao tatu, na kulabu zinashuka.