Mrejesho: shelfu za HiAce ya mafundi wa maji

Wakuu, niliuliza kwa nini shelfu za HiAce ya mafundi wa mabomba zinalegea kila baada ya wiki chache. Mliosema nitazame skrubu mmepatia. Zilishika bati la bodi tu, jembamba mno, na mtikisiko wa barabara ya vumbi ukapanua matundu.

Fremu mpya ni ya skwea paipu (paipu ya chuma ya pembe nne) ya inchi moja. Sakafuni imefungwa kwa bolti za M8 (unene mm 8) zinazotokeza hadi uvunguni, na kati ya kila nati na sakafu kuna kipande cha chuma cha mm 3, sm 5 kwa 5. Nati ni zile zenye plastiki ndani, zisilegee kwa mtikisiko. Juu imeshikwa kwenye mbavu za gari. Kabla ya kutoboa, chungulia uvunguni: tangi la mafuta na paipu za breki ziko huko huko! Tundu lipakwe redioksaidi (rangi ya kuzuia kutu) kwanza, la sivyo kutu inaanzia hapo.

Valvu za chuma zimekaa chini, elbo na soketi (viungio vya paipu) za plastiki juu. Kila shelfu ina ukingo wa sm 5 mbele.

Kilichobaki ni droo: gari likipanda mlima zinafunguka. Sumaku hazikufaa, tunaweka komeo.