Magofu ya Ugiriki na meli za kitalii: shida ni wingi wa watu au uchache wa saa?

Mleta mada

Wadau, naomba tulijadili hili, maana limenikaa moyoni tangu nirudi safari. Kuanzia Julai 2025 Ugiriki inamtoza kila abiria anayeteremka kutoka meli ya kitalii. Msimu wa watalii wengi, ni yuro 20 kwenye visiwa vya Santorini na Mykonos, na yuro 5 kwenye bandari nyingine. Santorini imejiwekea kikomo cha abiria 8,000 wa meli kwa siku. Akropoli ya Athens nayo, kile kilima chenye mahekalu ya kale, tangu Septemba 2023, haipokei zaidi ya watu 20,000 kwa siku. Wengi wamepongeza. Mimi naona wamehesabu vichwa, wakasahau kuhesabu saa.

Nieleze nilichokiona. Meli yetu ilifunga gati kwenye bandari ya Katakolo saa mbili asubuhi, tukaambiwa saa nane mchana kila mtu awe ameshapanda. Kutoka hapo hadi Olympia ni kama dakika arobaini kwa basi. Tulipofika, mabasi yalikuwa yamejipanga hadi barabarani, na kila kundi linafuata kibao chake chenye namba. Mwongozaji wetu akatutangazia kwamba tuna saa moja na robo.

Saa moja na robo, kwa mahali palipochezwa michezo ya Olimpiki ya kale kwa miaka zaidi ya elfu moja! Hekalu la Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki wa kale, limelala chini, liliangushwa na matetemeko, na nguzo zake zimeachana vipande vya duara, kimoja kimeegemea kingine, kama boflo lililokatwa likasahauliwa mezani. Kwenye uwanja wa mbio, mstari wa mawe wa kuanzia bado upo, na kutoka hapo hadi mwisho ni mita 192. Mume wangu alitaka kuutembea wote. Alifika katikati, namba yetu ikaitwa.

Halafu tukafika karakana ya Pheidias, yule aliyetengeneza sanamu ya Zeus ya dhahabu na pembe za ndovu iliyohesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Kuta bado zimesimama, kwa sababu baadaye palifanywa kanisa. Mwongozaji akatuambia kwamba humo kilipatikana kikombe kidogo cha udongo, na chini yake yamechorwa maneno: "Mimi ni wa Pheidias." Kiko makumbusho, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Nilisisimka mwili. Fundi wa sanamu ile, na kikombe chake cha kunywea! Nikauliza kama tunakwenda kukiona. Akaangalia saa yake, akasema muda hautoshi. Tukarudishwa kwenye basi, na njiani tukasimamishwa nusu saa nzima kwenye duka la zawadi.

Kikombe sikukiona. Kinachoniuma zaidi ni kwamba majira ya joto Olympia huwa wazi hadi saa mbili usiku. Sisi tulipokuwa tunapanda meli saa nane, yalibaki masaa sita ya malango kuwa wazi, jua likielekea kupoa, mabasi yameshaondoka.

Kwa hiyo swali langu: kodi ya kichwa inasaidia nini, kama ratiba za meli zinabaki zile zile?

Mchangiaji wa pili (baharia, mwenyeji wa Likoni)

Dada, umesema kweli, ila nikupe upande wa ndani. Mimi nafanya kazi jikoni kwenye meli hizi. Meli ikiwa bandarini, kasino hufungwa, na maduka ya ndani pia. Pesa huingia tukiwa baharini. Kwa hiyo ukimwambia mwenye meli alale Katakolo, unamwambia afunge duka lake usiku kucha. Kodi ya yuro 5 ataiweka kwenye bei ya tiketi na hatabadilisha kitu.

Na sisi wafanyakazi msitusahau. Katakolo nimefika mara nyingi mno. Olympia sijawahi kuiona hata siku moja. Tukifika asubuhi, niko kwenye masufuria.

Mchangiaji wa tatu

Mimi napinga. Mama yangu ana miaka 71 na magoti yake hayamruhusu kubeba begi kutoka hoteli hadi hoteli. Kwa meli aliona Athens na magofu ya Ephesus, Uturuki, ndani ya juma moja, akalala kitanda kile kile kila usiku. Akropoli alipanda kwa lifti waliyoiweka mwaka 2020 kwa ajili ya watu wasioweza kupanda kilima. Alikaa mbele ya Parthenon, hekalu kubwa la pale juu, dakika ishirini, akalia. Msimdharau mtu kwa sababu ya udogo wa muda wake. Mkipandisha gharama, mnaowafungia mlango ni watu kama yeye. Tajiri atakuja na mashua yake.

Mchangiaji wa nne

Kikomo ni lazima, tusidanganyane. Akropoli ni jiwe moja juu ya mji, halipanuki. Walipoanza utaratibu wa tiketi za saa, waliruhusu watu 3,000 kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na 2,000 saa inayofuata. Kabla ya hapo walikuwa wanajazana asubuhi bila mpango. Na joto? Julai 2023 walilazimika kufunga mchana kwa usalama wa watu. Mtu wa meli aliyepangiwa mchana huo alikosa kabisa, na meli haikumngoja.

Mchangiaji wa tano

Mimi niongeze kitu kimoja. Wagiriki hawa walifika pwani yetu. Karne ya kwanza kuna mfanyabiashara wao mmoja, mkazi wa Misri, aliyeandika njia ya bahari hadi Rhapta, bandari ya Azania (ndivyo walivyoiita pwani yetu), na bidhaa zilizouzwa huko, pembe za ndovu zikiwemo. Wageni wa aina hiyo waliokuja kwa tanga walikaa. Hata majahazi ya wazee wetu, yaliyokuja na kaskazi, yalingoja kusi ndipo yarudi. Upepo ulimlazimisha mgeni kukaa, akanunua, akaoa, akajifunza lugha. Leo injini imemwondolea mgeni sababu ya kukaa, basi sheria ndiyo imrudishie.

Mleta mada

Ahsanteni. Nianze na mwenye mama. Umenigusa, na nimejisahihisha: sisemi mtu asije kwa meli, wala sipimi upendo wa mtu kwa dakika. Lakini tazama, mama yako alipewa dakika ishirini na mwenye ratiba. Angepewa saa mbili, kwenye kivuli cha jioni, angekataa? Mwenye magoti mabovu ndiye anayehitaji muda mrefu kuliko sisi sote.

Baharia wetu, jibu lako ndilo limenifungua macho. Kama meli inapata hasara ikilala bandarini, basi kodi ipangwe kwa saa. Meli inayokaa hadi usiku itozwe kidogo sana kwa kila abiria, au isitozwe kabisa. Ile inayotema watu elfu tatu asubuhi na kuwazoa mchana ndiyo ilipe zile yuro 20, iwe Santorini au Katakolo. Hapo mwenye meli atapiga hesabu upya, na pengine jikoni nanyi mtapata zamu ya kuteremka.

Na duka la zawadi lisiwekwe ndani ya muda wa magofu. Anayetaka kununua akumbushwe kwamba yapo maduka pale pale Katakolo, hatua chache kutoka gatini.

Mimi na mume wangu tumeshaamua. Mwakani tunakwenda kwa basi kutoka Athens, tulale kijijini Olympia usiku mbili. Mwenye kujua nyumba ya wageni ya bei nafuu karibu na makumbusho, aniandikie hapa.