Msimamizi kanikatalia mada ya ayoni za metali na chanzo cha RNA. Naomba ushauri

Kijana_wa_Kihesa
Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa 3, ualimu wa kemia, hapa Iringa. Mada yangu ya utafiti ilikua jinsi ayoni za metali (chembe za metali zenye chaji ya umeme) zilivyoweza kuchochea kutengenezwa kwa RNA, ndugu wa DNA anayebeba taarifa za urithi, kabla dunia haijawa na kiumbe hata kimoja. Likizo nikienda kwetu Tukuyu ningepitia Songwe kuchota maji ya moto ya chemchemi, nichanganye na nyukliotidi (vipande vinavyojenga RNA) na udongo wa mfinyanzi, nipashe moto, nione kama zitaungana. Msimamizi kairudisha na neno moja la wino mwekundu: HAITEKELEZEKI. Maelezo hakuna. Nina wiki 2. Niitupe nipime floridi kwenye maji kama wenzangu wote, au inaokoleka? Msinitupie mawe.

Mnyakyusa_Halisi
Songwe ya nini wakati kimondo kipo Mbozi? Karibu asilimia 90 ni chuma, na nikeli juu. Kwangua kidogo, kazi imeisha.

Dada_wa_Maabara
Wewe, usimpeleke mtoto wa watu mahabusu. Ile ni kumbukumbu ya taifa, haikwanguliwi. Na bonge la chuma siyo ayoni, labda kwanza kiyeyuke.

Mwl_Uyole
Mdogo wangu, msimamizi angekueleza, ila hajakosea. Nyukliotidi ya kawaida ukiitia majini haitashikana na mwenzake hata uchemshe mpaka Krismasi. Kila kiungo kinapofungwa kinatoa molekuli ya maji, na wewe umo ndani ya maji. Ni kuanika nguo huku mvua ya kwenu Tukuyu inanyesha.

Ndiyo maana mkemia Leslie Orgel na wenzake kule California walitumia nyukliotidi ambazo fosfeti yake imeshapachikwa kipande kiitwacho imidazoli. Imidazoli inachomoka kirahisi, jirani anaingia nafasi yake. Mwaka 1980 walionyesha kwamba juu ya uzi wa nyukliotidi za C tupu, ayoni za zinki ziliunganisha nyukliotidi za G, ambazo hushikana na C, hadi minyororo ya zaidi ya 30, viungo vingi vikiwa vya 3'-5' (kaboni ya 3 ya sukari moja kwenda ya 5 ya jirani) kama vya RNA iliyomo mwilini mwako. Risasi (ya betri, siyo ya bunduki) nayo iliunganisha, ila viungo vingi vikawa 2'-5', mkono umeshika pasipo pake. Mkemia mwingine, James Ferris, yeye alikuja na udongo wa mfinyanzi uitwao montimoriloniti, 1996 akafika minyororo ya 40 hadi 55, lakini naye alitumia nyukliotidi zilizoandaliwa vilevile. Hizo stoo ya chuo chako hazipo, na kuagiza ni pesa ya shamba la viazi.

Kijana_wa_Kihesa
Shikamoo mwalimu. Sasa metali yenyewe inafanya nini pale? Vitabu vyote vinaandika "inachochea" vinapita.

Mwl_Uyole
Marahaba. Fosfeti ina chaji hasi, na OH ya sukari ikishapoteza protoni inakuwa hasi pia, kwa hiyo zinasukumana. Ayoni ya chaji chanya inakaa katikati. Inaipunguzia fosfeti uhasi, na inairahisishia OH kuachia protoni ili ishambulie fosforasi. Kiungo kinapatikana.

Lakini hapa ndipo ungemshika msimamizi wako: kazi hiyohiyo ndiyo inayokata mnyororo. RNA ina OH nyingine kwenye kaboni ya 2 ya sukari (2'), imekaa mlango wa pili na fosfeti. Metali ikiiamsha hiyo, mnyororo unakatika. Magnesi inafanya hivyo, risasi ndiyo kabisa. Kwa hiyo usiulize kama metali inaunganisha. Uliza ni wapi kuunganisha kunazidi kukata. Watafiti Katarzyna Adamala na Jack Szostak walikutana na shida inayofanana 2013: magnesi ya kunakilia RNA ilikuwa inavunja vifuko vya asidi za mafuta, mfano wao wa seli za mwanzo. Wakaifunga kwa sitreti, asidi ya ndimu hiyo, vifuko vikapona na kunakili kukaendelea.

Dada_wa_Maabara
Na maji ya Songwe achana nayo. Yale mawe meupe pale ni kalsiamu kaboneti iliyotoka kwenye maji hayohayo. Ukitia fosfeti, kalsiamu itaikamata itulie chini kama unga, utabaki unapima tope.

Shuka ngazi moja. RNA inahitaji sukari ya raibozi, na njia ya zamani ya kupata sukari ni ya mkemia Butlerov, 1861: formalini (maji ya formaldihaidi) na chokaa, kalsiamu ndiyo kichocheo. Utapata mchanganyiko wa sukari nyingi, raibozi ikiwa chache tu, na hilo nalo liandike. Pasha kwenye maji ya nyuzi 60, tia glukozi chembe kuiamsha, hesabu dakika mpaka igeuke manjano. Beka moja chokaa, nyingine hidroksidi ya magnesi. Usipime kwa Benedict, ile dawa ya kupimia sukari, formalini yenyewe itakudanganya. Na fungua madirisha, mvuke wake unachoma macho.

Mnyakyusa_Halisi
Chokaa kuliko kimondo? Haya.

Kijana_wa_Kihesa
Wakuu, mrejesho. Msimamizi kakubali kichwa kipya, safari hii hata kacheka. Jana nimejaribu. Beka ya chokaa ilikaa nyeupe kama maziwa muda mrefu nikadhani nimekosea, halafu ghafla manjano, mara rangi ya chai ya mkandaa. Ya magnesi mpaka naondoka ilikuwa vilevile. Kalsiamu imeshinda!

Mwl_Uyole
Hongera. Ila chokaa ni besi kali kuliko hiyo ya magnesi. Umejuaje ni kalsiamu iliyofanya kazi na siyo pH, yaani ukali wa besi yenyewe?

Kijana_wa_Kihesa
Aisee mwalimu. Hapo umenikamata.

Dada_wa_Maabara
Beka ya 3: soda kali ya wenye sabuni, uilinganishe pH na ya chokaa. Haina kalsiamu. Ikichelewa, una jibu.

Kijana_wa_Kihesa
Jirani hapa Kihesa anapika sabuni. Naenda kumwomba kijiko.