Mani planti: vipande vinaoza kwenye maji, jani moja lina mizizi ila halichipui

Wa_Sakina

Habari za jioni wakuu. Niko Arusha, Sakina. Nina ile mani planti ya majani ya kijani yenye mabaka ya njano, wengine wanaiita pothosi. Imepanda ukuta wa sebuleni mpaka imefika kwenye bomba la pazia. Mdogo wangu yuko Moshi, anaolewa, na ameng'ang'ania apate mche kutoka kwenye hii hii, wa dukani hautaki.

Nimekata vipande nikaviweka kwenye glasi ya maji dirishani. Vingine vimekuwa vyeusi chini, ukivishika vinateleza na vinanuka. Kimoja ni jani tu na kikonyo chake. Hilo limetoa mizizi mingi, mizuri, myeupe, lakini tangu mwezi wa tano halijaonyesha hata dalili ya jani jipya. Lipo tu.

Ninunue ile dawa ya unga ya kuotesha mizizi, au shida ni haya maji yetu ya floraidi?

Kipepeo

Paka asali kwenye kidonda kabla ya kutia kwenye maji. Mimi ndivyo ninavyofanya.

Mzee_wa_Viriba

Asali kwenye glasi ya maji ni kuwapikia bakteria chakula, Kipepeo, utanisamehe. Mimi nina kitalu kidogo hapa Moshi na hii mimea naizalisha mwaka mzima.

Mdogo wangu wa Sakina, hilo jani halitachipua hata ulisubiri mpaka mwakani. Mizizi linayo na litaendelea kuwa kijani muda mrefu, ila jicho la kuchipulia halina, na bila jicho hakuna shina. Shika rando la mmea mama upitishe kidole gumba taratibu. Kila jani linapoanzia utakuta pamevimba, hicho ndicho kifundo, na pembeni pana kijinundu kigumu cha rangi ya kahawia. Hicho kijinundu ni mwanzo wa mzizi. Jicho limejibanza hapo hapo, kwenye kwapa la jani. Aliyewahi kupanda marando ya viazi vitamu anajua: unachofukia ni kifundo, jani halina kazi ardhini. Kata upana wa kidole chini ya kifundo, kwa kisu kikali.

Kuoza ni habari nyingine. Asili ya mmea huu ni kisiwa cha Moorea, jirani na Tahiti, ambako joto halikatiki. Wewe uko mita kama 1,400 juu ya bahari, na Julai usiku unashuka chini ya nyuzi 15, tena umeuweka dirishani kwenye kioo cha baridi. Kidonda hakifungi upesi, mizizi haitoki, vijidudu vya kuozesha vinapata nafasi. Na ukiacha jani lizame kwenye maji, ndiyo umeviharakisha.

Dawa ya unga achana nayo. Mani planti hutoa mizizi bila kubembelezwa, inachodai ni joto. Floraidi nayo unaisingizia. Hiyo huwasumbua zaidi jamii ya masale, utaona ncha za majani zinakauka na kuwa za kahawia. Haiozeshi shina.

Ushauri wangu kwa baridi hii: usikate kabisa. Chukua kiriba, kile kifuko cha nailoni cha kuoteshea miche, changanya udongo wa juu, samadi iliyooza sawasawa na pumba za mpunga ili maji yapite. Kiweke jirani na chungu cha mama. Lilaze rando juu yake, kifundo kiguse udongo, ukibane kwa kipande cha waya wa kufungia nondo ulichokikunja. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Mama anaendelea kulilisha, kwa hiyo hata mizizi ikichelewa hakiozi. Ukivuta kidogo ukaona kimeshika, ndipo ukate. Bana vifundo vitatu au vinne kwenye kiriba kimoja, la sivyo utampelekea bibi harusi uzi mmoja unaning'inia.

Wa_Sakina

Shikamoo mzee. Kijinundu nimekiona, kumbe vipo kila mahali! Ila rando langu liko juu kwenye bomba la pazia, nitalifikishaje chini?

Mzee_wa_Viriba

Marahaba. Lifungue polepole ulishushe, halina shida, litageuza majani lenyewe kufuata mwanga. Mizizi iliyong'ang'ania ukutani usiivute kwa nguvu, ikate na kisu. Na rangi ya mwenye nyumba nayo uifikirie.

Mama_Njiro

Wanaotaka maji bado inawezekana hata Julai. Mimi naweka chupa juu ya friji, nyuma kule kwenye joto, mradi mwanga unafika. Chupa ya rangi, siyo nyeupe, isiote ukijani ndani. Maji nabadilisha kila nikikumbuka. Mizizi ikifika urefu wa kidole cha mwisho nahamishia kwenye udongo, ikizidi hapo mmea unazoea maji na ukihamishwa unanyong'onyea.

Vipande vinavyobaki msiwatupie mbuzi. Utomvu wake una chembechembe kama sindano zinazochoma mdomo na ulimi. Mjukuu wangu alitafuna jani, alilia na kutoa mate mchana kutwa.

Mzee_wa_Viriba

Mama Njiro kasema kweli, hata mimi nikikata mingi mikono inawasha. Wa Sakina, harusi ni lini?

Wa_Sakina

Mwisho wa mwezi wa tisa.

Mzee_wa_Viriba

Basi bana wiki hii, unawahi. Siku ya safari usikubali konda akitupe kwenye buti, kule kunaiva. Kipakate. Na mwambie asikiweke juani kwenye baraza, jua la Moshi litababua majani.